Jinsi ya Kufufua Uwanja, Maktaba na Ngoma za Mtaa

Katika kata moja niliyowahi kuishi palikuwa na chumba kilichoandikwa MAKTABA kwa rangi ya buluu juu ya mlango, ubavuni mwa ofisi ya mtendaji. Wale waliowahi kuchungulia dirishani walisema ndani mna rafu mbili, meza na maboksi ya vitabu ambayo hayajafunguliwa. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Mtendaji aliyekuwa na ufunguo alishahamishwa, aliyemfuata hakukabidhiwa kitu, na hakuna aliyethubutu kuvunja mlango wa mali ya umma bila maandishi. Miaka ikapita, na wanafunzi wa kidato cha nne wakawa wanajisomea chini ya taa ya duka lililo hatua chache kutoka mlangoni hapo.

Nimeanza na kufuli hilo kwa sababu ndilo lililonifundisha namna ya kuuliza. Tukisikia kata haina maktaba wala kiwanja, mawazo yetu hukimbilia ramani ya jengo, mfadhili na siku ya uzinduzi, ilhali huduma za aina hii hupimwa kwa saa: wiki iliyopita mlango ulikuwa wazi kwa saa ngapi, nani aliingia, na nani alitaka kuingia akashindwa. Kivuli cha mwembe chenye mkeka, sanduku la vitabu, mtu wa kukaa nalo na saa zinazojulikana ni maktaba, hata kama hakimo katika orodha yoyote ya halmashauri.

Ninayoyaeleza yanatokana na mazingira ya Tanzania Bara, hasa mitaa ya mijini, ingawa mengi yanafaa kijijini pia. Msomaji wa Kenya atabadilisha mlango wa kubisha tu, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka maktaba, makumbusho, viwanja vya michezo na shughuli za utamaduni chini ya serikali za kaunti.

Kaeni na daftari wiki nzima

Kabla ya kuitisha kikao chochote, chagueni watu watatu au wanne, mmoja wao awe msichana wa umri wa sekondari na mwingine awe mzee anayeheshimika kijiweni, mpeni kila mmoja daftari la shule, na muwatume waandike kwa wiki nzima nini kinafanyika, wapi na saa ngapi. Watarudi na mengi. Mtaa unaodhaniwa kuwa hauna burudani huwa na kikundi cha jogingi kinachoimba barabarani alfajiri ya Jumapili, kijiwe cha kahawa chenye bao na drafti ya vizibo vya soda, kwaya mbili, madrasa yenye dufu, kikundi cha ngoma kinachokodiwa harusini, kibanda umiza kinachofurika usiku wa ligi za Ulaya, na watoto wanaocheza rede na kombolela katika uchochoro ambao bodaboda wameugeuza njia ya mkato.

Safu nne zinatosha katika daftari: saa, mahali, shughuli na waliohudhuria. Safu ya nne ndiyo yenye kazi, maana inatakiwa itenganishe wavulana na wasichana, watoto na watu wazima, na imtaje mtu mwenye ulemavu akiwapo. Katika daftari langu ukurasa wa Jumatano saa 10 jioni ulionyesha wavulana zaidi ya ishirini wakicheza chandimu na wasichana wanne wamekalia ndoo walizozipindua, wakingoja zamu ya bomba lililo kando ya uwanja. Nilikuwa nimepita hapo miaka mingi nikidhani wanatazama mpira. Nilipowauliza, mmoja akaniambia kwamba tangu saa 10 hadi saa 12 jioni ni muda wa maji na jiko, na kwamba kama ingekuwapo netiboli ingefaa iwe Jumamosi asubuhi, wakishamaliza kufua. Sijawahi kuona dodoso la michezo lililouliza saa.

Kwa hiyo msiwaulize watu wanataka nini, kwani swali hilo huzaa bwawa la kuogelea na ukumbi wa sinema, na yeyote atakayeliandika jibu hilo atakuwa ameshatoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Waulizeni jana jioni walikuwa wapi wakifanya nini, na wangefanya nini kama wangepata saa moja ya ziada. Majibu huwa madogo, ya karibu, na mara nyingi yanawezekana.

Karatasi kabla ya chokaa

Karibu kila mtu aliyekulia mjini anaweza kukutajia uwanja aliouchezea ambao leo ni gereji, ukumbi wa sherehe au ukuta wenye geti jeusi. Mara nyingi uwanja huo haukuporwa usiku. Ulipotea kwa sababu hakuna aliyejua umeandikwaje, na siku alipotokea mtu mwenye hati, mtaa mzima ulikuwa na kumbukumbu za magoli tu.

Anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, muombe barua ya kuwatambulisha kwa idara ya mipango miji ya halmashauri, kisha mkaombe kuuona mchoro wa mipangomiji wa eneo lenu uliopitishwa kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Mkiukuta uwanja wenu umeandikwa kuwa ni eneo la wazi au eneo la michezo, ombeni nakala iliyogongwa muhuri, na muombe mpimaji aje aonyeshe mawe ya mipaka mbele ya wazee na vijana, maana mawe hayo huwa yamefukiwa au yamehamishwa. Mkikuta kiwanja ni cha mtu au cha taasisi, msijenge juu yake kitu cha kudumu hata kama mwenyewe ni mkarimu: andikianeni makubaliano ya muda, tumieni magoli ya kuhamishika, na fedha za zege zielekezeni kwingine.

Hali ya tatu ndiyo ya wengi, nayo ni kwamba mtaa haujapimwa kabisa. Hapo nafasi huja mara moja tu, wakati wa zoezi la urasimishaji wa makazi, ambapo wakazi huketi na kamati na mpimaji kukubaliana barabara zipite wapi na nani apunguze ukuta wake kiasi gani. Kila mtu siku hizo anafikiria kiwanja chake. Asipokuwapo mtu wa kusema kwamba pale penye mwembe pabaki wazi, na kulisema tena katika kikao cha pili, mchoro utapitishwa ukiwa na viwanja na njia peke yake, na kuudai uwanja baadaye kutahitaji kumhamisha mtu. Kijijini mambo ni mepesi zaidi, kwani mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hupita katika mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unaweza kutenga ardhi kwa matumizi ya wote.

Vyovyote iwavyo, suala lipelekwe katika mkutano mkuu wa mtaa au wa kijiji, azimio liandikwe katika muhtasari pamoja na orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, na nakala ikae mikononi mwa watu wasiopungua watatu wasioishi nyumba moja. Kisha pandeni miti mpakani. Mwarobaini unavumilia ukame, unatoa kivuli kwa watazamaji, na ukishafika umri wa miaka mitano husaidia sana kueleza mpaka uko wapi.

Uwanja wenyewe

Kwa sheria za mchezo, uwanja wa mpira wa miguu una urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, na mitaa michache ina nafasi hiyo. Mita 60 kwa 40 zinawatosha wachezaji saba kila upande. Korti ya netiboli inahitaji mita 30.5 kwa 15.25, na ya voliboli mita 18 kwa 9, mbali na nafasi ya kupumulia pembeni. Pigeni hesabu hiyo kwa kamba na vigingi uwanjani siku yenye watu, na mpime korti ya netiboli kwanza, kisha mpira wa miguu uchukue kilichobaki. Mkianza na mpira wa miguu, korti haitapata nafasi kamwe, na kila mmoja atasema kwa moyo safi kabisa kwamba ardhi haikutosha.

Magoli yaelekezwe kaskazini na kusini. Kwetu mechi huanza saa 10 jioni na jua huzama muda mfupi baada ya saa 12, kwa hiyo golikipa anayetazama magharibi hucheza kipindi kizima cha pili akiwa amekunja uso na mkono juu ya macho.

Maji ya mvua ndiyo yanayoua viwanja vya mtaani. Dawa yake ni kuinua katikati kidogo, kiasi cha sentimita 20 hadi 30 zaidi ya pembeni, na kuchimba mfereji upande wa chini unaopeleka maji mahali panapoeleweka, wala si mlangoni kwa jirani. Katika hili tulifanya kosa ambalo sitaki mwingine alirudie. Tulipewa malori mawili ya kifusi bure, tukashangilia, tukamwaga na kusambaza siku ileile, na kwa muda mrefu baadaye tulikuwa tukiinama kila Jumamosi kuokota vigae vya chupa, misumari na vipande vya nondo, huku watoto wakicheza peku juu yake kwa kuwa hatukuwa na namna ya kuwazuia. Udongo wa kichanga ulionunuliwa ungekuwa nafuu kuliko bendeji. Mkipewa kifusi, kichekecheni kabla hakijagusa uwanja, au kikataeni.

Goli la kuhamishika lifungwe kwa vigingi au lilemewe na mifuko ya mchanga kwa nyuma kila linaposimamishwa, kwa maana watoto huning'inia kwenye mwamba wa juu na chuma kikipinduka huua. Mistari ikipigwa kwa chokaa, ipigwe jioni ya siku iliyotangulia na mtu mzima mwenye viatu na miwani, kwa kuwa chokaa huchoma macho na ngozi yenye jasho. Rangi nyeupe ya maji hugharimu zaidi lakini ni salama zaidi.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ratiba. Andikeni kwenye ubao uliopigiliwa mahali wote wapitapo nani anatumia uwanja siku gani na saa gani, na wasichana wapewe saa walizozitaja wao wenyewe kwenye daftari, wala si saa zilizobaki baada ya kila timu kuchagua. Kuhusu usafi, hakuna kanuni niliyoikuta inayoshinda ile ya chama cha vijana cha Mathare, jijini Nairobi, kijulikanacho kwa kifupi cha MYSA, kilichoanzishwa 1987: timu hupata alama katika msimamo wa ligi kwa kusafisha mtaa, pamoja na zile za ushindi. Hata katika ndondo la mtaa kanuni hiyo hufanya kazi, mradi mhesabu alama awe mtu asiye na timu.

Ukuta wa shule

Katika kata nyingi uwanja mkubwa kuliko yote ni wa shule ya msingi, nao hubaki mtupu tangu wanafunzi wanapotoka hadi asubuhi, mwisho wa wiki wote, na likizo nzima. Mwalimu mkuu anayekataa kuufungua huwa na sababu, na sababu zenyewe ni zilezile: vioo vya madirisha, vyoo, na nani ataulizwa kikipotea kitu. Msimwendee na hotuba juu ya umuhimu wa michezo. Mwendeeni na barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, inayotaja siku na saa, jina la mtu mzima atakayekuwapo muda wote, nani atafagia na kumwagia maji vyoo kabla ya Jumatatu, na kiasi cha fedha kilichowekwa kando kwa ajili ya kioo. Muombe miezi mitatu ya majaribio. Kioo kikivunjika siku ya kwanza na kikarudishwa siku ya pili, mtakuwa mmepata uwanja.

Maktaba inayoanza na sanduku moja

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ndiyo yenye dhamana ya maktaba za umma, na Maktaba Kuu ya Taifa iliyoko Dar es Salaam ilifunguliwa 1967. Mtandao wake hufika mikoani na katika baadhi ya wilaya, lakini mtaani kwenu haufiki, wala si vema kuungoja. Kilicho vema ni kuiandikia Bodi kuomba ushauri, na kukiandikia chuo chake cha ukutubi, yaani cha kazi za maktaba, kilichoko Bagamoyo kuomba mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo awasaidie kupanga na kuorodhesha.

Mnaweza kuanza na vitabu 150, mradi viwe vya kusomwa. Hadithi za watoto za Kiswahili zitangulie, na hapa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umesaidia kuwapo kwa vingi vyenye picha na lugha ya kwetu. Vifuate vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani ya miaka iliyopita, vitabu vya kilimo na afya, na katiba na sheria za ardhi, ambazo wazee huzisoma kwa bidii msiyoitarajia. Ombeni ofisi na maduka wawape magazeti ya jana badala ya kufungia maandazi. Gazeti la jana huwaleta wanaume watu wazima ambao hawangeingia kwa ajili ya kitabu, na wakishaketi hutazama rafu.

Jifunzeni pia kukataa. Boksi la vitabu vya msaada kutoka nje, lenye miongozo ya kompyuta za zamani na hadithi za theluji katika lugha ambayo mtoto wa darasa la tatu hajaiweza, huchukua nafasi ya rafu nzima na kumpa mtoaji picha nzuri. Ombeni orodha kabla ya mzigo. Asiyekuwa na orodha shukuruni, kisha msipokee.

Miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, vijiji vingi vilipata maktaba ndogo, na nyingi zilikufa baada ya vitabu vipya kuacha kuja, kwa kuwa msomaji akishamaliza rafu hana sababu ya kurudi. Kwa mtaa usio na bajeti, njia nyepesi ya kuliepuka hilo ni kubadilishana masanduku: mitaa mitatu iwe na masanduku matatu yenye vitabu tofauti, na kila baada ya miezi mitatu yazunguke kwa bajaji. Huduma ya Taifa ya Maktaba ya Kenya ilipoanzisha maktaba ya ngamia huko Garissa mwaka 1996 haikuwa na jengo jangwani, bali masanduku ya vitabu, hema, mikeka, na ratiba ambayo wafugaji na walimu waliweza kuitegemea.

Katika Pwani adui ni mchwa na ukungu. Rafu isiguse ukuta, iache nafasi ya kiganja kwa ajili ya hewa. Ubao wa chini uinuliwe kutoka sakafuni, na vitabu visikae ndani ya maboksi juu ya saruji hata kwa usiku mmoja. Visikae pia mahali pa jua la moja kwa moja. Majalada yafunikwe kwa plastiki nene ya daftari.

Daftari la kuazima liwe na jina la msomaji, kitabu, tarehe ya kutoka na ya kurudi, na muda uwe wiki mbili. Sishauri ada wala faini ya fedha, kwa sababu faini ya shilingi mia tano humfanya mtoto afiche kitabu na asirudi tena, na hapo mmepoteza vyote viwili. Aliyepoteza kitabu apanguse rafu Jumamosi mbili. Wengine huona huo ni ulegevu. Mimi naona ni bei ya kuwa na wasomaji.

Saa za kawaida zianze saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, na Jumamosi asubuhi. Mtihani wa darasa la saba uko Septemba na wa kidato cha nne Novemba, kwa hiyo tangu Julai ongezeni hadi saa 2 usiku kwa taa ya sola, kukiwa na watu wazima wawili wakati wote, mlango ukiwa wazi, na wasichana wakiondoka kwa makundi. Msimruhusu mtu mzima mmoja kubaki na watoto chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata awe nani. Na mkiweka ngazi mlangoni, wekeni na njia ya mteremko, ambayo kwa kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu, ili mwenye baiskeli ya magurudumu matatu asilazimike kubebwa.

Ngoma, bao na majirani

Sanaa ya mtaani haihitaji kuanzishwa, inahitaji mahali na ruhusa. Mwendeeni afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye mara nyingi ni mtu mmoja asiye na gari wala fungu la maana, na ambaye hufurahi kupata watu waliokuja na mpango badala ya malalamiko. Yeye ndiye atakayewaelekeza juu ya vibali vya maonyesho na juu ya kusajili kikundi kwa Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984. Mkihitaji mkufunzi wa ngoma, sarakasi au uigizaji, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ina wahitimu waliotapakaa nchini, na wengi wao wako tayari kufundisha mwisho wa wiki wakilipwa. Nasisitiza neno kulipwa. Mtaa unaomlipa fundi wa jukwaa na mwenye spika, kisha ukamwambia mpiga ngoma kwamba anajitangaza, utabaki na spika.

Ugomvi mkubwa utakuwa kelele. Kaeni na majirani, zahanati, msikiti na kanisa kabla ya onyesho la kwanza, mkubaliane saa ya kuzima, spika zielekee upande usio na nyumba, na kalenda iheshimu Ramadhani, Kwaresima na wiki za mitihani. Msiba ukitokea mtaani ngoma inasimama, bila kikao, na wasanii waende msibani. Kikundi kinachojulikana kwa hilo hutetewa na wazee siku mtu akipeleka malalamiko polisi.

Kuna mambo yasiyo na kelele kabisa ambayo husahaulika kwa kuwa hayana mfadhili. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Seremala wa mtaa anaweza kulichonga, kete za komwe huokotwa pwani bure, na mzee anayeweza kufundisha namua na mtaji, awamu mbili za mchezo huo, ameketi kijiweni muda huu akilalamika kwamba vijana hawataki kujifunza. Mpeni saa moja ya Jumamosi kwenye ubao wa ratiba, jina lake liandikwe kwa herufi sawa na za kocha.

Fedha, na tarehe zake

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na maombi yanayopelekwa halmashauri mwezi wa Mei huwa yanagonga mlango wa bajeti iliyokwisha kuandikwa. Vipaumbele vyenu vifike kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla ya Desemba, vikiwa vimepitishwa na mkutano wa mtaa, na diwani awe ameshauona uwanja kwa macho yake jioni ya siku ya kazi, wala si siku ya fainali. Ombeni kitu kimoja chenye bei. Korti moja ya netiboli yenye makadirio ya fundi hujibiwa, lakini ombi la kuboresha sekta ya michezo hupokewa kwa makofi tu.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo. Unamfaa mshona jezi, kikundi cha batiki au vijana wenye vyombo vya muziki vya kukodisha, na haufai kununulia nyavu za uwanja wa wote, kwa kuwa nyavu hazirejeshi.

Michango ya wakazi iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi ya mtaa, pamoja na stakabadhi za matumizi, kila mwezi, hata mwezi ambao iliingia shilingi elfu tano tu. Akaunti iwe na watia sahihi watatu. Mwenye msaada wa kitu, kama mchanga, mbao au siku moja ya msaragambo, aandikwe pia kwa thamani yake, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo mtakayomwonyesha mfadhili mkubwa akiuliza wananchi wamechangia nini.

Funguo tatu

Kila mlango uwe na funguo tatu: mmoja kwa mtendaji, mmoja kwa msimamizi wa zamu, na mmoja kwa mtu anayeishi umbali wa kutembea ambaye hana cheo chochote. Kuwe na kitabu cha makabidhiano kinachosainiwa kila mtu anapobadilika, kikitaja ufunguo, daftari la kuazima, mipira, nyavu na fedha iliyopo.

Chumba kile cha maandishi ya buluu kilifunguliwa mwishowe, kwa barua iliyoambatanishwa na muhtasari wa mkutano, mbele ya mtendaji, mwenyekiti na mashahidi wawili, na fundi aliyekata kufuli kwa msumeno. Maboksi yaliyokuwa sakafuni yalikuwa yamesimama wima kama kawaida, ila tulipoyainua yalibaki mikononi kama maganda, kwa kuwa ndani mchwa walikuwa wamekwisha kula kila kitu. Boksi moja lililokuwa juu ya meza lilikuwa salama. Tuliviorodhesha vitabu vyake palepale kwenye kibaraza, tukaosha sakafu, na kabla ya kurudisha rafu mahali pake tukaandika mlangoni, chini ya lile neno la zamani: saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, Jumamosi saa 3 hadi saa 6 mchana.